Shakwe Aliyeachiwa Nyumba

Katika mtaa wetu wa maduka pale Isotani, mji mdogo wa bandari mkoani Tottori, nyimbo zilitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo za taa, na zilifuata siku ilivyoamka. Mvua ikinyesha, tulipigiwa nyimbo za mvua. Shule zikifunguliwa, tulipigiwa nyimbo za kuagana na za kukutana. Meli za kuvua kaa zikirudi, zilikuja nyimbo za bandari, za wanawake wanaosubiri na wanaume wasioonekana. Aliyezipanga na kuzirekodi kwenye kanda alikuwa kinyozi, Setsuo Kanamori, na alifanya hivyo kwa mapenzi yake tu.

Duka letu la tofu lilitazamana na saluni yake, kwa hiyo namjua tangu nikiwa mtoto wa kukalishwa juu ya ubao ili kichwa kifikie mkasi. Alikuwa mtu mdogo, safi, ananukia sabuni ya kunyolea. Masomo hayakumfikisha mbali. Ila santuri alikuwa nazo mpaka darini, na mkewe, Kinuyo, alizoea kulala kitanda kimebanwa na masanduku. Wateja walipenda kumjaribu. Mtu anakaa kitini, anataja neno moja, tuseme "mwavuli," na Setsuo anasimamisha mkasi, anafumba macho, kisha anataja nyimbo zote zenye mwavuli kwenye jina, nani aliziimba, na upande wa pili wa santuri kulikuwa na nini. Watu wakipiga makofi, yeye huinamisha kichwa kama anayeona haya. Lakini haya hizo zilikuwa za kucheza tu. Haya za kweli alikuja kuzijua baadaye, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu.

Kila mwezi, Jumapili moja mchana, tulikutana ukumbi wa mtaa kucheza mchezo wa kushika mkia. Kila mtoto wa Japani anaucheza kwa maneno ya kawaida: unashika silabi ya mwisho ya neno la mwenzako na kuanzia hapo neno lako. Sisi tulicheza kwa majina ya nyimbo peke yake. Jina likiishia na sauti ya "n" umetoka, kwa sababu hakuna neno linaloanza nayo. Ukirudia jina lililokwisha kutajwa, umetoka. Na ukitaja wimbo ambao watu wanautilia shaka, mwamuzi anakwambia uimbe mstari mmoja. Ukishindwa, umetoka. Enzi hizo simu zilikuwa bado za ukutani na hazijui lolote kuhusu nyimbo. Tulichokuwa nacho ni vichwa vyetu, na juu ya vichwa vyetu kichwa cha Setsuo.

Mwamuzi alikuwa Wakui, muuza achari, mtu wa maneno mengi aliyewahi kuwa mpishi melini. Zawadi ya Januari ilikuwa kaa dume mkubwa, amefungwa miguu kwa kamba, yuko kwenye kisanduku cha barafu mlangoni, na kila anayeingia humchungulia.

Januari hiyo walibaki wawili. Mmoja Setsuo, kama kawaida. Wa pili alikuwa bibi mmoja ambaye hatukumtazamia, Fumie Odagiri, aliyehamia mjini wakati wa vuli ili awe karibu na bintiye aliyeolewa huku. Alitoka vijiji vya milimani. Alikaa wima juu ya mto wake, mikono mapajani, akijibu taratibu kwa sauti ndogo. Na alikuwa ameshagundua mahali pa kumbana mtu. Nyimbo za Kijapani zinazoishia na "ru" ni nyingi kupita kiasi, lakini zinazoanza na "ru" ni chache mno. Kila zamu yake ilipofika, Bibi Odagiri alimrushia "ru." Setsuo akatoa moja, akatoa nyingine, akatoa ile ambayo hata Wakui hakuijua na ikabidi aiimbe. Kisha yule bibi akasema:

"*Andon ga Yureru.*"

Taa ya karatasi yayumba. Tena "ru." Setsuo akafumba macho, na mara hii akakaa muda. Tulizoea kumwona akifumba macho, hatukuzoea kumsubiri. Wakui akaanza kuhesabu kwa vidole. Watu wakasogea. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo, nikaona masikio yake yanaiva mekundu.

"*Rusuban Kamome,*" akasema.

Maana yake shakwe aliyeachiwa nyumba ailinde. Hakuna aliyeujua wimbo huo. Wakui akamwambia, kwa upole, kama mtu anayetimiza desturi tu, "Fundi, tupe mstari mmoja."

Setsuo akaimba, sauti yake ikitoka chini: *Wote wamekwenda, nami nalinda mlango wa bahari.* Alikuwa na sauti nzuri. Mama mmoja akavuta pumzi. Setsuo akaeleza kwamba ulikuwa wimbo wa mwanamke mmoja wa bandari za kaskazini, santuri haikuuzwa sana, sasa ni vigumu kuipata.

"Nimeusikia huo," Wakui akasema, anaitikia kwa kichwa. "Kwenye redio ya meli. Nilikuwa namenya viazi. Naukumbuka kabisa."

Makofi yakapigwa. Hakukuwa na wimbo kama huo duniani. Setsuo alikuwa ameutunga pale pale, jina na mstari, kati ya kidole cha tatu na cha nne cha Wakui.

Jina lile liliishia na "me," na zamu ikawa ya Bibi Odagiri. Yeye hakufikiri hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa akiusubiri.

"*Meshibitsu no Yuge.*"

Mvuke wa ndoo ya wali. Watu wakaangua kicheko. Si kicheko kibaya, ni kile cha mtu akisikia jambo la jikoni mahali asipolitarajia. Nani aimbe kuhusu ndoo ya wali? Wakui naye alicheka, akajifuta macho, akauliza kama kuna anayeujua. Hakuna. Basi ukumbi mzima ukageuka kumtazama Setsuo, kama tulivyozoea kila tulipokwama.

Angeweza kusema hajui. Baadaye alinieleza kwamba neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ametoka kudanganya muda si mrefu, moyo unamwenda mbio, na alitaka mchezo uishe kabla mtu hajamuuliza jina la yule mwimbaji wa kaskazini. Akasema:

"Hakuna wimbo kama huo, Bibi. Ungekuwepo, ningekuwa nao."

"Upo," Bibi Odagiri akasema.

"Basi tuimbie, Mama," Wakui akamwambia.

Bibi akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akaweka kiganja juu ya midomo, akakaa hivyo. Tukadhani ameshikwa na aibu ya kukamatwa. Akasema, "Basi," akainama mpaka chini kutushukuru kwa mchezo, akakusanya shali yake na kutoka nje kwenye theluji. Setsuo akakabidhiwa kaa.

Jioni ile Kinuyo alimpika kaa kwenye sufuria mezani, pamoja na kabichi na tofu yetu. Alimvunjia mumewe miguu ya kaa, akamtolea nyama, akamwekea kwenye bakuli. Setsuo akalisogeza bakuli pembeni. Kinuyo hakuuliza kwa nini. Alikula mwenyewe mpaka akamaliza.

Mambo yangeishia hapo kama wimbo usingependwa. Lakini ulipendwa. Kesho yake tu nilimsikia muuza samaki akiimba *nalinda mlango wa bahari* huku akimwaga maji barazani. Wakui akawa anasimulia habari ya redio ya meli kwa kila anayenunua figili, na kila siku inazidi kunoga: mara kulikuwa na dhoruba, mara baharia mmoja alilia. Mama wa kikundi cha kwaya akaja saluni kuomba maneno yote, ili waimbe kwenye sherehe ya masika. Watu wakauliza mbona wimbo hauwekwi kwenye kanda ya mtaa. Setsuo akajibu kwamba santuri yake ameiazima rafiki wa Hiroshima. Hakuwa na rafiki Hiroshima.

Kazi ya kinyozi ni mbaya kwa mtu mwenye jambo moyoni. Kutwa nzima anasimama mbele ya kioo, kila akiinua macho anakutana na uso wake. Nilimwona ameanza kunyoa kichwa kimeinama, hatazami juu, na wateja wakaanza kutoka na ndevu za upande mmoja ndefu kuliko wa pili. Bibi Odagiri akipita mtaani na kikapu chake, Setsuo huingia chumba cha nyuma. Bibi hakurudi tena ukumbini.

Februari ikiisha, Setsuo akafunga saluni siku ya Jumatatu kama vinyozi wote, akapanda treni kwenda Yonago, kwenye duka la santuri za zamani. Hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kutafuta wimbo wowote mzuri wenye shakwe ndani, ili arudi aseme samahani jamani, jina nililikosea, wimbo wenyewe ndio huu. Alipekua masanduku ya nyimbo za bandari asubuhi nzima. Kisha mwenye duka akamwonyesha sanduku la santuri zisizo na soko, za waimbaji waliotoa moja wakapotea, na humo, kati ya nyingine, akakuta jalada limepauka, lina picha ya msichana amevaa kimono, anatabasamu kwa woga. Juu yake pameandikwa *Meshibitsu no Yuge*. Mwimbaji: Tamae Odagiri.

Aliniambia kwamba alisoma jina lile, akalisoma tena, na mtu aliyekuwa karibu naye akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Alirudi mchana. Kinuyo alikuwa anakunja taulo. Setsuo akaiweka santuri kwenye gramafoni bila kusema kitu, wakasikiliza pamoja. Haukuwa wimbo mkubwa. Msichana anaimba habari ya mke anayemsubiri mume bandarini. Amepakua wali kwenye ndoo, ameifunika kwa kitambaa, na kila akikifunua mvuke unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Sauti yenyewe ilikuwa bado haijakomaa, mahali fulani ilipanda ikateleza. Lakini ulikuwa wimbo. Ulikuwa na mwanzo na mwisho, na kuna mtu aliusimamia mbele ya kipaza sauti akautolea pumzi yake.

"Kumbe upo," Kinuyo akasema.

"Upo."

"Na ule wako?"

Setsuo akainua sindano ya gramafoni. Kinuyo akaendelea kukunja taulo.

"Baba, masanduku haya nayapangusa mimi. Nalala nayo. Hakuna shakwe wa kulinda nyumba humo. Nilijua pale pale ukumbini."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wanakupigia makofi. Nikangoja useme mwenyewe." Akaweka taulo juu ya nyingine. "Nimengoja mpaka leo."

Setsuo ameniambia kwamba kati ya yote, hilo ndilo lililomkata zaidi. Kwamba mkewe alimtolea nyama ya kaa ile jioni akijua.

Kesho yake hakufungua saluni. Alivaa suti, akafunga santuri kwa kitambaa, akaenda mpaka nyumba ya kupanga ya Bibi Odagiri, nyuma ya hekalu. Bibi alimfungulia, akamkaribisha ndani. Setsuo hakuingia. Alipiga magoti pale pale mlangoni panapovuliwa viatu, akafunua kitambaa, akaweka paji la uso sakafuni, akasema yote: kwamba wake ulikuwa wa uongo na wa Bibi ulikuwa wa kweli, na kwamba alijua uongo wake alipokuwa akiukana ukweli wa mwenzake.

Bibi Odagiri alikuwa ameshaiona picha. Aliichukua santuri kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye kizingiti, akawa sawa na yeye.

"Inuka, Bwana Kanamori, sakafu ina baridi. Huyu ni mdogo wangu."

Akamsimulia. Tamae alikwenda Osaka akiwa kijana, akarekodi wimbo huu mmoja, haukununuliwa, akarudi kijijini. Kwenye arusi ya binamu yao wakamwomba aimbe. Akasimama, akataja jina la wimbo, na watu wakacheka kama walivyocheka ukumbini. Tamae akakaa chini. Hakuimba tena, hata jikoni. Alifariki akiwa bado kijana, kwa maradhi ya mapafu.

"Watu walicheka kwa sababu kuna mmoja alianza," Bibi akasema. "Nilianza mimi. Nilikuwa na wivu naye, alikuwa amefika Osaka na mimi sijavuka mlima. Nilitaka tu mara moja jina lile litajwe kati ya nyimbo, watu waseme, 'Haya, umepita, zamu ya mwingine.' Halafu mkacheka. Nilipofungua kinywa nikajisikia mimi mwenyewe nikicheka siku ile ya arusi. Si wewe uliyenifunga sauti. Usijipe makubwa."

Setsuo akamwambia atauweka wimbo kwenye spika kesho, kutwa nzima, mtaa wote usikie, na atatangaza ni wa nani.

"Usifanye hivyo," Bibi akasema. "Utakuwa unaupiga ili upate nafuu. Mdogo wangu si dawa yako. Kwanza kawaambie wenzako."

Santuri alibaki nayo Bibi, ingawa hakuwa na gramafoni. Setsuo akarudi mikono mitupu.

Mkutano wa Machi ulijaa. Kabla mchezo haujaanza, Setsuo akaomba nafasi. Nimewahi kuona watu wakilia mbele za watu, na nimewahi kumwona mtu akikamatwa na polisi mtaani kwetu. Sijaona mtu akiwa mdogo kiasi kile. Alisema kwa maneno machache, sauti kavu, mikono imebana mshono wa suruali kama mwanafunzi. Kwamba Shakwe hayupo. Kwamba Ndoo ya Wali upo, ameushika kwa mikono yake, na kwamba alimfedhehesha mgeni wetu ili kuficha uongo wake. Kisha akainama, akabaki ameinama.

Aliyesema wa kwanza ni Wakui.

"Kwa hiyo mimi nilisikia nini melini?"

Hapo watu wakacheka, na safari hii walimcheka Wakui. Dhoruba, viazi, baharia aliyelia, vyote vikamrudia usoni. Akawa mwekundu, akavua beji ya mwamuzi, akaiweka mezani, akatoka. Setsuo bado ameinama. Alikuwa amekuja kubeba aibu yake, akajikuta ameigawa kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kumwamini. Mama wa kwaya naye alikuwa amekaa macho chini. Walikuwa wameshaanza kufanya mazoezi ya ule mstari mmoja, na amewaahidi wenzake maneno yaliyobaki.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Wengine walimwambia ni mchezo tu, asijitese, na aliona machoni mwao kwamba kuna kitu wamekiondoa mahali pake. Wiki zilizofuata, akitaja jina la wimbo kitini, mteja anasema "kweli?" kwa mzaha mdogo, kisha anabadilisha mazungumzo. Wakui alihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya daraja. Setsuo akapeleka funguo za chumba cha spika kwa chama cha wenye maduka, akasema macho yamechoka. Kanda zikachukuliwa na mke wa muuza viatu, mwanamke kijana asiyejua nyimbo nyingi lakini anauliza.

Jumatatu moja ya Aprili Bibi Odagiri alikuja saluni, akiwa na santuri ndani ya kitambaa kile kile. Kinuyo alimwekea chai na gramafoni. Setsuo alitoka nje. Nilimwona barazani akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa, mgongo ameupa mlango. Wimbo ulipigwa, ukapigwa tena. Sikumsikia Bibi akiimba, alisikiliza tu. Alipotoka akamwita.

"Mpelekee yule dada wa kanda. Mwambie auweke na nyimbo za namna yake, katikati. Asitangaze kitu."

Basi Setsuo akaenda kwa mke wa muuza viatu, akasimama kaunta kama mteja, akaomba. Alivyoniambia, yule dada aliitazama santuri, akamtazama yeye, akauliza, bila ubaya wowote, "Huu ni wimbo kweli, Mzee?" Akajibu ndiyo. Akaongeza, "Usikilize kwanza." Yule dada akasikiliza kwanza.

Ulipigwa mchana mmoja wa siku ya kazi, kwenye kanda ya nyimbo za chakula, kati ya wimbo wa tambi na wimbo wa chai. Nilikuwa natoa tofu majini. Mama aliyekuwa ananunua hakuinua kichwa. Muuza samaki aliendelea kupara magamba. Bibi Odagiri alikuwa pale pale kwake, anabonyeza samaki kwa kidole kuona kama bado ni mbichi. Tamae aliimba mpaka ile sehemu inayoteleza, akateleza, akaendelea. Ng'ambo, Setsuo alikuwa amesimama na wembe mkononi, mteja amepakwa povu mpaka puani, anasubiri. Wimbo ulipokwisha ukaja wa chai, na Bibi akalipia samaki wake, akaenda zake.

Setsuo ni mzee sana sasa, na ananikata nywele bado, polepole. Anaulizwa mara moja moja habari za nyimbo za zamani, na vijana wenye simu mkononi hawana haja na jibu lake. Juzi nilimtajia jina moja la wimbo nililolisikia kwenye redio, nikamuuliza kama analijua. Akasimamisha mkasi. Nikaona kwenye kioo masikio yanabadilika rangi, baada ya miaka yote hiyo.

"Silijui," akasema. Kisha akaniinamisha kichwa kwa vidole viwili, akaendelea na kisogo.